Kwa Nini Tunatoza Fedha Ilhali Programu ya Wiki Ni ya Bure

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara hapa ofisini kwetu Tanga, tunakoziandalia koo wiki, yaani tovuti ya kurasa zilizounganishwa zenye habari za watu wao, ni la mteja aliyesikia kwamba MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia, hupakuliwa bila malipo, kisha akaiona ankara yetu na kuhisi ametozwa fedha kwa kitu cha bure. Hivi karibuni mteja mmoja alitamka waziwazi kwamba tumemdhulumu, kwa kuwa mpwa wake alimhakikishia kwamba wiki ya ukoo mzima ingekamilika kwa wikiendi moja. Hatuwezi kulipuuza lalamiko hilo, na kwa kuwa halikomi, tumeona ni vyema tulijibu kwa maandishi.

Ni kweli kwamba programu ni ya bure, na kuisakinisha kwenye seva hakuchukui muda mrefu. Sehemu hiyo ndiyo ndogo kuliko zote katika ankara. Mnacholipia ni kazi ya kumtambua kila mtu katika ukoo, kumpa ukurasa mmoja tu ulio wake, kuuunganisha ukurasa huo na kurasa za wazazi, wenzi na watoto wake, na kuonyesha kila taarifa imetoka kwa nani au kwenye karatasi ipi. Fundi seremala halipwi kwa sababu ya msumeno wake, nasi hatulipwi kwa sababu ya programu.

Njia ya mkato ambayo wengi huijaribu kwanza ni kuchukua yote yaliyowahi kuandikwa kwenye kundi la WhatsApp la familia na kuyamwaga ndani ya wiki jinsi yalivyo. Shida ni kwamba katika kundi kila mtu huandika kwa nafasi yake mwenyewe: mmoja anasema “baba mkubwa”, mwingine “babu”, wa tatu “Mzee Salehe”, na wote wanamzungumzia mtu mmoja, ambaye sasa anapata kurasa tatu. Upande wa pili, kwa kuwa jina la babu humrudia mjukuu, watu watatu wanaoitwa Juma Hamisi hurundikwa katika ukurasa mmoja. Familia moja ya Muheza ilituletea wiki ya namna hiyo, ambamo Juma Hamisi alionekana amefunga ndoa miaka ya 1930 na kuanza darasa la kwanza baada ya Uhuru. Kuutenganisha ukurasa kama huo ni kazi ngumu kuliko kuuandika upya, kwa sababu kila mtoto, kila mke na kila picha iliyounganishwa nao lazima ifuatiliwe kimoja kimoja na kuulizwa ni ya Juma yupi. Familia hiyo ilitulipa karibu mara mbili ya gharama ambayo ingelipa kama ingekuja kwetu tangu mwanzo, na fedha aliyopewa kijana aliyeitengeneza wiki ile ya kwanza ilikuwa imekwisha potea.

Kwetu sisi kichwa cha ukurasa hubeba jina la mtu, la baba yake na la babu yake, pamoja na mahali alipoishi, hata kama familia inadhani jina hilo halifanani na la mtu mwingine. Majina ya utani na yale ya nyumbani hupewa kurasa za kuelekeza, ili mjukuu akiandika “Bibi Kinyozi” afike panapostahili. Wanawake ndio wanaotuchukulia muda mrefu zaidi, nasi hatuoni aibu kuutoza muda huo. Katika orodha nyingi tunazopokea, mama aliyezaa watoto wanane ameandikwa “mke wa Salehe” au “Mama Asha” na hana jina jingine lolote. Tunakwenda kwa ndugu zake wa kuzaliwa, tunauliza baba yake ni nani na alitoka kijiji gani, na mara nyingi upande mzima wa ukoo hufunguka kwa swali hilo moja.

Mkoa wetu una jambo jingine linalofanya kazi hii isifanane na ya kwingine. Mkonge uliletwa hapa nchini mwaka 1893, na mashamba yake yakawavuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na hata Msumbiji. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao wanaotujia wanajua jina la shamba lakini hawajui jina la kijiji cha asili. Kwa hiyo tunaomba tuletewe karatasi zote, hata zile zinazoonekana hazina maana. Ndani ya kasha la marehemu bibi mmoja wa Pongwe tulikuta kipande cha kazi, yaani kadi ya kuhesabia siku za kibarua, kilichokunjwa mara nne, chenye visanduku vya siku 30 vilivyotiwa alama kwa kalamu ya risasi, na tarehe ya mwaka 1938. Wazee wa familia walikuwa wameshikilia kwamba babu yao alifika Tanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Kadi ile iliyapindua maelezo ya miaka mingi, nao waliipokea vizuri.

Picha nazo zina gharama yake. Ukipiga picha ya picha kwa simu na kuituma kwa WhatsApp, inabanwa na kupoteza ubora, na taarifa za tarehe zilizofichwa ndani yake huondolewa. Sisi huziskani picha ndogo kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kuliko na muhuri wa studio na mwandiko wa aliyezituma. Mteja mmoja, kabla ya kutujia, alizibandua picha za mama yake kutoka kwenye albamu ya gundi ili azipange upya, na maandishi ya nyuma yakabaki yameshikwa na karatasi ya albamu. Tafadhali msibandue chochote. Leteni albamu kama ilivyo.

Wapo wanaoudhika kwa sababu hatukuwapa jibu moja. Katika ukurasa wa babu wa mteja mmoja tuliandika kwamba, kwa kauli ya shangazi yake, alizaliwa Wajerumani walipokuwa wanaondoka Tanga, yaani mwaka 1916, na kwamba daftari la ubatizo linasema 1919. Mteja alidai kwamba amelipia ukweli, si mashaka. Sisi tunaona kuwa kuifuta kauli ya shangazi kungekuwa kumkosea mzee aliyetuamini, na kulificha daftari kungekuwa udanganyifu. Uzuri wa wiki ni kwamba ukurasa huhifadhi kila badiliko, nani alilifanya na lini, na ushahidi mpya ukipatikana kauli zote mbili zitakuwapo za kupimwa.

Kurasa za watu walio hai hatuzionyeshi hadharani bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria hiyo tusingeweka tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mtu mahali ambapo kila tapeli anaweza kuzisoma. Tukiombwa kuandika habari za mtoto wa nje ya ndoa ambaye mwenyewe hajaulizwa, tunakataa.

Jina la tovuti husajiliwa kwa jina la familia, si letu, na tunapomaliza tunawakabidhi diski yenye picha zote za asili na nakala rudufu ya kurasa zote, ili mkitaka kuihamishia kazi kwa mtu mwingine msituombe ruhusa. Bei hatuitaji kwa simu. Tunaitaja baada ya kuliona kasha la karatasi na picha zenu na kuzungumza na angalau mzee mmoja wa kila upande, kwa kuwa ukoo wa watu 60 wenye majina yanayorudiwa huweza kutuchosha kuliko wa watu 200. Nusu ya malipo hutolewa kazi inapoanza, na nusu ya pili hulipwa baada ya wazee wenu kusomewa kurasa zao na kuzikubali.