Treni ndogo za dizeli zifike Kisumu pia

Mhariri,

Mjadala wa reli huku magharibi umetekwa na swali la lini reli ya kisasa itavuka Naivasha, ilhali reli ya zamani yenye upana wa mita moja, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na kukarabatiwa hivi majuzi kutoka Nakuru, inaweza kutumikia abiria wa kila siku iwapo itapewa vyombo vinavyofaa.

Mwaka 2020 Shirika la Reli lilileta Nairobi treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ambako upana wa reli ni huohuo wa mita moja. Wapo waliozikejeli kuwa mitumba, lakini mimi naona ulikuwa ununuzi wa busara. Injini zake zimo chini ya sakafu ya mabehewa na dereva ana chumba mbele na nyuma ya treni, hivyo treni ikifika mwisho wa safari hurudi bila kuhangaika kuhamisha kichwa cha treni.

Naomba vyombo vya aina hiyo vijaribiwe kati ya Kisumu na Muhoroni, kupitia Kibos, Miwani na Chemelil, ambako uwanda wa Kano hauna miinuko mikali. Mlima wa Mau tuuachie vichwa vikubwa na mabehewa yake. Kabla ya hayo yote, majukwaa yainuliwe yalingane na milango, kwa kuwa mama mwenye mzigo wa samaki hawezi kuparamia ngazi, na karakana ya Kisumu iwekewe vipuri.

Msomaji wenu,
Kisumu