Chungu na kikapu vishushwe ukutani

Mhariri,

Sebule nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zina kikapu cha milulu, yale majani marefu ya mabondeni, kilichotundikwa ukutani, na pembeni chungu cha Kikisi, yaani cha Wakisi wa Ziwa Nyasa, chenye maua ya plastiki. Jikoni zimebaki sufuria peke yake. Ukiuliza sababu unaambiwa chungu kinapasuka na kikapu kinaota ukungu. Ni kweli vinapasuka na vinaota ukungu, ila kosa ni la mtumiaji. Naomba nafasi nieleze, kwa sababu vitu hivi viwili vikikutana vinafanya kazi ambayo sufuria peke yake haiiwezi: vinatunza chakula kikiwa cha moto tangu alasiri hadi wa mwisho afike nyumbani. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu haina huruma. Chakula kilichopakuliwa saa kumi na mbili kimeshapoa saa moja, ndiyo maana kila anayefika anapasha chake na kula peke yake, amejikunyata karibu na jiko.

Tuanze na chungu. Kina mama wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, sehemu za Ikombe na Lyulilo jirani na Matema, wanakifinyanga kwa mkono, wanakisugua kwa kokoto laini, kisha wanakichoma nje kwa nyasi na kuni. Hakipitii tanuri wala hakipakwi juu ule utando wa kioo unaoziba udongo. Udongo wake kwa hiyo unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana, vinavyonyonya maji. Ugomvi wote unaanzia hapo. Maji yaliyomo kwenye udongo yakipata moto mkali ghafla yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na ukikosa njia unajitengenezea.

Unaponunua, kinyanyue kwa mkono mmoja na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva kinalia kama kengele ya mbali. Chenye ufa kinatoa sauti ya kubwaga gunia. Kielekeze juani uchungulie ndani: ukiona uzi wa mwanga, kirudishe. Madoa meusi ya nje yasikutie shaka, ni ulimi wa moto ulipogusa. Lakini kilichopakwa rangi ya mafuta ya dukani usikipikie kabisa, rangi hiyo ni ya milango. Familia ya watu sita inatosha chungu cha lita 5.

Kabla ya kukipikia, kioshe kwa maji matupu, bila sabuni, kwani udongo utaimeza sabuni na kuirudisha kwenye mboga. Kilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Mwanzoni kitatoa mapovu madogo kama samaki anapumua, yakikoma, kimeshiba. Asubuhi kifute, kiache nusu saa, kisha ukijaze theluthi mbili kwa uji mwepesi sana: vijiko vitatu vikubwa vya unga wa mahindi kwa lita 2 za maji. Kiweke kwenye mkaa mchache, ongeza mkaa kidogo kidogo, na uuache uji utokote taratibu kwa saa nzima. Wanga unaingia kwenye vile vitundu na kuviziba. Halafu usikiguse. Kipoe hapo hapo jikoni, ndipo umwage na ukianike kivulini siku mbili. Wengi wanaharibu hatua hii ya mwisho: wanakiepua kikiwa moto na kukitua kwenye sakafu ya saruji, wanasikia "tii!" na kuanza kumlaumu mfinyanzi. Kikitoa jasho nje mara mbili tatu za mwanzo, usishtuke. Kikiendelea, rudia uji.

Mwenye jiko la gesi aweke bamba zito la chuma chini ya chungu, kwa sababu moto wa gesi unachoma duara moja dogo huku pembeni kukiwa baridi. Na kwa jiko lolote, maji ya kuongeza yawe ya moto. Kikombe kimoja cha maji ya bomba la Mbeya asubuhi ya Julai kinatosha kuua chungu cha miaka mitano.

Sasa makande, kwa kuwa ndiyo yanayofaidi chungu kuliko kitu kingine. Kwa watu sita, loweka usiku vikombe 2 vya mahindi yaliyokobolewa, na kwenye chombo kingine kikombe 1 na nusu cha maharage. Asubuhi mwaga maji yote mawili. Saa nane mchana anza na mahindi kwa lita 2 za maji, moto wa taratibu hadi yachemke, yaache dakika 45, kisha tia maharage. Kuanzia hapo yachemke kwa nguvu dakika 30 nzima. Dakika hizo hazina mjadala. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovurugia watu tumbo na kuwatapisha, na inavunjwa na mchemko wa kweli wa dakika zisizopungua kumi. Joto la uvuguvugu haliivunji. Mtu anayeyaweka kwenye moto hafifu tangu mwanzo akidhani anayapikia polepole anajitafutia usiku mbaya.

Mwinuko nao una neno lake. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mapishi ya Dar es Salaam yanayosema maharage saa moja na robo, huku yaongezee muda. Nyanya zisubiri: uchachu wake unafanya ganda la harage ligome kulainika. Kuna wanaotia magadi ili yaive upesi; yanaiva kweli, lakini yanapoteza vitamini B1 na kubaki na ladha ya sabuni. Maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili kwenye joto na unyevu hata magadi hayayasaidii sana, heri uulize muuzaji ni ya lini.

Sasa kikapu kinaingia kazini. Milulu inakatwa mabondeni, inakaushwa na kusukwa na kina mama wa Iringa, na uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba kila mlulu umebana hewa ndani yake. Chagua chenye upana wa sentimita 45 hadi 50 mdomoni, ili chungu cha sentimita 25 kiachiwe nafasi ya vidole vitano au sita kila upande. Chini weka ngata nene ya majani makavu ya mgomba. Pembeni jaza nguo kuukuu za pamba au blanketi la sufu. Blanketi la nailoni usilitumie: likiguswa na kaa la moto linayeyuka na kunata kwenye chungu, na harufu yake haitoki leo wala kesho.

Saa tisa na nusu maharage yameshachemka kwa nguvu. Hakikisha maji yamevuka chakula kwa vidole viwili na chungu kimejaa angalau robo tatu, maana chungu nusu kinapoa upesi. Kifunike, kiepue, kiweke juu ya mafiga makavu kama dakika tano. Utasikia bado kinatokota bila moto, udongo hauachi joto haraka kama bati. Futa masizi na makaa yaliyoganda chini, hasa makaa. Cheche moja inatosha kutoboa milulu. Kisha kitie kikapuni, kizungushie nguo, weka mto juu na ufunge. Usifungue kuonja! Kila ukifunua, joto la nusu saa linaondoka.

Saa moja usiku kitoe, kirudishe kwenye mkaa na ukichemshe tena. Hatua hii msiiruke: chakula kilichoshuka hadi uvuguvugu ni kitanda cha vijidudu, na kwa sababu hiyo hiyo kikapu si mahali pa kulaza chakula hadi asubuhi. Wakati kinachemka kaanga vitunguu na nyanya pembeni, changanya, tia chumvi na kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa. Kama mahindi bado yana ubishi, nusu saa ya moto itayamaliza. Mkaa uliotumika utakuwa mchache sana kuliko kupika saa tatu mfululizo.

Kisha chungu kinarudi kikapuni na kikapu kinawekwa katikati ya mkeka. Watu wananawa, mdogo anapakuliwa kwanza kwa sababu yeye ndiye anayelala mapema, na anayechelewa na basi la mwisho anakuta cha moto pale pale walipo wenzake. Siku ya ugali, kikapu kidogo kinatosha: babua jani la mgomba motoni mpaka ling'ae na kulegea, tandika ndani, weka ugali, funika kwa kitambaa. Bila jani, mvuke unaingia kwenye milulu, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa.

Kwa usafi, chungu kisuguliwe kwa gunzi na maji ya vuguvugu, kikaushwe na kihifadhiwe bila kifuniko. Kikapu hakioshwi. Kinakung'utwa, kinapigwa brashi kavu na kuanikwa jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu, kwani jua la saa saba linakausha milulu hadi inakatika kwenye mikunjo.

Ombi langu kwa wauzaji wa Matema, Tukuyu, Mbeya na Iringa ni dogo. Mnapompa mteja chungu, mwambieni habari ya uji na ya kupoa jikoni. Haichukui dakika mbili, na atarudi kununua cha pili badala ya kuwatangaza vibaya mtaani.

Na kikipasuka kweli, kisitupwe. Ufa uliopita hadi ndani hauzibiki kwa kupikia, lakini chungu hicho kinahifadhi vitunguu vizuri kuliko ndoo ya plastiki, na kigae chake kikubwa kinakaanga karanga bila kuziunguza.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya