Kwa mdogo wangu anayetaka kufundisha uchoraji

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Marekani, sote tu wazima. Umeuliza mchoraji anafikaje kuwa mhadhiri, na baadaye mkuu wa idara.

Shahada haina mengi. Huku, kwa anayefundisha studio, MFA, yaani uzamili wa sanaa, ndiyo shahada ya juu inayotakiwa, miaka 2 au 3. Uingereza uzamivu unazidi kutajwa, basi soma matangazo ya kazi kabla hujalipa ada popote.

Wengi huangushwa na picha za michoro, si michoro yenyewe. Kamati ya kuajiri huomba picha kama 20 za kazi zako na nyingine za wanafunzi wako, na huzipitia haraka. Tundika mchoro ukutani, lenzi iwe usawa wa katikati yake, taa mbili za aina moja kulia na kushoto kwa nyuzi 45. Ukichanganya mwanga wa dirisha na wa taa, upande mmoja utaingia ubuluu na mwingine umanjano. Rangi ya mafuta ikimeremeta, zisogeze taa pembeni zaidi. Kamera iache ilipo. Andika siku hiyohiyo jina, mwaka, nyenzo na vipimo. Kazi za wanafunzi zipige tangu muhula wa kwanza, kwa ruhusa yao, maana wakishahitimu kuwapata ni shida.

Darasani, kikao cha kukosoa kazi kipigie hesabu. Wanafunzi 16 kwa dakika 10 ni dakika 160; katika kipindi cha saa 3 zinabaki 20 za mapumziko na kutundika. Mwenye kazi anyamaze mwanzoni, wenzake waseme wanachokiona kabla ya wanachokipenda. Akianza kujieleza, watajadili nia yake na turubai itasahaulika.

Ukiajiriwa kwenye njia ya kuelekea ajira ya kudumu, tathmini kubwa ya kuamua kama utaipata huja mara nyingi mwaka wa 6. Maonyesho yaliyopitiwa na jopo huhesabika kuliko ya kujikodia ukumbi.

Uongozi sasa. Watu hudhani ni vikao, kumbe kinachokula siku ni ratiba na karakana. Tanuri la ufinyanzi likifika joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi na zaidi, huhitaji karibu siku nzima kupoa. Ukilifungua mapema vyombo vinapasuka. Mkuu asiyelijua hilo hupanga mwisho wa kazi zote Ijumaa moja, halafu anashangaa foleni. Matambara yenye mafuta ya kitani nayo hujipasha moto yanapokauka, na yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yaingie pipa la chuma lenye mfuniko, limwagwe kila jioni. Hakikisha mwenyewe, usitegemee tangazo la mlangoni.

Na usiache kabisa kufundisha. Mchoraji Josef Albers aliongoza idara ya ubunifu Chuo Kikuu cha Yale, huku Marekani, kuanzia 1950 huku akifundisha somo la rangi kwa vipande vya karatasi: kipande kilekile juu ya karatasi mbili za rangi tofauti, kionekane rangi mbili. Karatasi haina alama za brashi za kujificha nyuma yake.

Ukiitwa kuwa mkuu, kabla ya kutia sahihi omba iandikwe: vipindi vingapi vimepunguzwa, uongozi ni wa miaka mingapi, na siku gani huguswi kwa ajili ya studio yako. Ya mdomo usiyapokee.

Nitumie hizo picha 20 nizichambue kabla hujaomba. Wasalimie wote.

Kaka yako