Mweka hazina anayetaka ubunge akaguliwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie waweka hazina wa halmashauri wanaoacha vitabu vya hesabu na kwenda kuchukua fomu za ubunge, jambo ambalo hapa Dodoma huzua mjadala kila msimu wa kura za maoni.

Wapo wanaotaka wazuiwe kabisa. Mimi simo. Huko Texas, Marekani, ambako mweka hazina wa jimbo alikuwa akichaguliwa na wananchi, Ann Richards alianza kazi hiyo mwaka 1983, akahimiza hundi za jimbo zipelekwe benki mapema ili zizae riba, na mwaka 1990 akachaguliwa kuwa gavana na watu waliokwisha kuipima kazi yake. Aliyempokea kiti cha mweka hazina, Kay Bailey Hutchison, alishinda useneta Juni 1993, kisha Septemba akashtakiwa kuwa aliwatumia watumishi wa hazina katika shughuli zake za siasa. Mahakama ilimwachia huru Februari 1994, lakini wapiga kura walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kusikia tuhuma wala utetezi. (Aliyefuata, Martha Whitehead, aliomba kura kwa ahadi ya kuifuta ofisi yenyewe, na mwaka 1996 ikafutwa kweli, wanasiasa wa namna hiyo ni adimu.)

Kwetu tatizo liko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humfikia Rais mwishoni mwa Machi mwaka unaofuata, ndipo iwasilishwe Bungeni. Uchaguzi Mkuu hufanyika Oktoba. Kwa hiyo mweka hazina wa Bahi au Mpwapwa anayeng'atuka Juni ili agombee, akishinda, ataapishwa miezi kadhaa kabla ya ripoti ya mwaka wake wa mwisho kutoka, na huenda akapangwa katika Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, akae upande wa wanaouliza maswali. Na mwaka huo wa mwisho ndio wenye vishawishi: malipo ya wazabuni, masurufu, na ile mikopo ya asilimia 10 ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambavyo wanachama wake ni wapiga kura.

Katiba, ibara ya 144, inamzuia aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kushika madaraka mengine katika utumishi wa Serikali. Kwa mweka hazina sihitaji ukali huo. Napendekeza tu kwamba asiruhusiwe kuchukua fomu hadi ripoti ya ukaguzi ya mwaka wake wa mwisho iwe imewekwa mezani Bungeni. Kwa uchaguzi wa 2030, maana yake ni kukabidhi ofisi kabla ya tarehe 1 Julai 2029.

Wako,
Msomaji, Chamwino, Dodoma