Msimbo wazi ni nusu ya kazi, tuulize na faili lililo kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia umewashauri wasomaji wachague programu za mawasiliano zenye msimbo wazi, yaani maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa na watengenezaji na kuwekwa hadharani, kwa hoja kwamba kila mtu anaweza kuusoma na hivyo hakuna anayeweza kuficha kitu ndani yake. Ushauri ni mzuri, ila umeishia njiani. Simu haiendeshi ule msimbo unaosomwa. Inaendesha faili lililojengwa kutokana nao, ambalo kwenye Android ni APK, na aliyelijenga ametumia kompyuta ambayo sisi hatujaiona. Hapo katikati ndipo watu wanapoumizwa.

Chukueni Signal Plus Messenger, iliyokaa kwenye duka la Google Play tangu Julai 2022 hadi Mei 2023. Walioitengeneza walichukua msimbo halisi wa Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ambao ni huria na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, wakaongeza mistari yao. Kampuni ya usalama ya ESET ilipoichambua, ilikuta inaunganisha kimyakimya akaunti ya mtumiaji na kifaa cha mshambuliaji, kwa njia ileile halali ya kuunganisha simu na kompyuta. Usimbaji fiche haukuvunjwa popote. Ujumbe ulifumbwa vizuri na ukafika salama, ila ulifika pia kwa mtu ambaye hakualikwa.

Mwishoni mwa Aprili 2025 ilikuja zamu ya wakubwa. Mike Waltz, wakati huo mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, alionekana pichani kwenye kikao cha baraza la mawaziri akitumia TM SGNL, nakala ya Signal iliyoongezewa kazi ya kuhifadhi ujumbe kwenye seva za kampuni ya TeleMessage. Siku chache baadaye seva hizo zilidukuliwa, na baadhi ya ujumbe ukakutwa unasomeka kama barua iliyofunguliwa. Msimbo wa asili wa Signal ulikuwa wazi miaka yote hiyo.

Lililotisha zaidi kwetu tunaofanya kazi hii ni xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mfumo wa Linux. Machi 2024 matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 yaligundulika kuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Kipande kilichouamsha hakikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huisoma. Kiliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu. Mhandisi Andres Freund aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuidhibiti kompyuta ukiwa mbali, kulichelewa kama nusu sekunde.

Dawa ipo: programu ijengwe kwa namna ambayo mtu mwingine, akianza na msimbo uleule, atapata faili lilelile baiti kwa baiti. Signal ya Android imeruhusu ukaguzi huu tangu 2016. Anza kwa kuangalia namba ya toleo kwenye Mipangilio, sehemu ya Msaada. Pakua msimbo kutoka hazina yao ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, uchukue lebo ya toleo hilohilo; ukichukua msimbo wa leo kulinganisha na programu ya wiki iliyopita, umepoteza siku. Jenga ndani ya Docker, programu inayokupa mazingira yaleyale ya ujenzi, kwa kufuata maelezo ya folda ya reproducible-builds, kisha ukate kifurushi kwa bundletool, chombo cha kugawa programu ya Android vipande, kulingana na simu ileile unayoikagua. Toa mafaili ya simuni kwa adb, chombo cha kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. Yatakuwa kadhaa, la msingi pamoja na vipande vya aina ya prosesa na kioo, na kila kimoja kilinganishwe na mwenzake. Kukagua la msingi peke yake hakutoshi, maana kipande cha prosesa kina msimbo wake.

Kosa la kawaida ni kulinganisha hashi, alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ya faili zima. Haitalingana hata siku moja, kwa sababu APK ya simuni ina sahihi ya kidijitali ya Signal na wewe ufunguo wao wa kuitia huna. Tumia apkdiff.py iliyomo kwenye folda hiyohiyo. Inaruka sahihi na kulinganisha vilivyobaki. Kwenye iPhone kazi hii haifanyiki kirahisi, kwa kuwa Apple hufumba programu kabla ya kuzigawa.

Mama wa nyumbani au dereva wa bodaboda hatatumia Docker, wala hana haja. Wakaguzi wachache wanatosha, mradi faili lake ni lile walilokagua wao. Kwa hiyo asipokee APK kwa Xender wala kwenye kundi la WhatsApp. Aangalie jina la msanidi kwenye duka, ambalo kwa Signal ni Signal Foundation. Anayepakua kutoka tovuti yao alinganishe alama ya sahihi, herufi na tarakimu 64, kwa apksigner, chombo cha kusoma sahihi za APK. Na kuna onyo moja ambalo Android yenyewe hulitoa bure: ukijaribu kusasisha programu ikakataa kwa madai kwamba inagongana na iliyopo, mara nyingi maana yake ni kwamba sahihi ni ya mtu mwingine. Fundi akikwambia "ifute kwanza ya zamani ndiyo hii itakubali", mnyang'anye simu yako.

Kila mwezi fungua kwenye Signal orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokitambua. Namba ya usalama ya mazungumzo yenu, tarakimu 60 kwa mafungu 12, isomeaneni mkiwa pamoja. Ikilingana, hakuna aliyejipenyeza kati yenu. Haithibitishi kwamba programu ya mwenzako ni halisi.

Tena kujengeka upya si cheti cha usiri. Telegram nayo inaruhusu ukaguzi wa namna hii, na msimbo wake unaonyesha waziwazi kwamba mazungumzo ya kawaida hayafumbwi mwisho hadi mwisho, yaani kwa namna ambayo wanaozungumza pekee ndio wanaweza kuyasoma. Yanayofumbwa hivyo ni yale ya siri tu. WhatsApp inatumia itifaki ya Signal kwa watumiaji wote tangu Aprili 2016, lakini msimbo wa programu yenyewe umefungwa, hivyo ujenzi huo hatuwezi kuurudia. Na msimbo unaosomeka si lazima uwe umesomwa: kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, msimbo wazi wa usimbaji fiche unaotumiwa na tovuti nyingi, tangu Machi 2012 hadi Aprili 2014, hadharani.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkipendekeza programu tena, chapisheni anwani kamili ya kuipakulia, jina la msanidi kama linavyoonekana dukani, alama ya sahihi yake, na kama kuna mtu nje ya kampuni aliyefanikiwa kuijenga upya, na toleo gani.

Wasanidi programu,
Dar es Salaam