Kwa mwanangu wa kwenye duara

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa mazoea ya mchezo wetu tu, maana sijui siku hizi kama ruhusa bado ninayo. Najua utasema "mama nawe, mambo yetu unayaanika mtandaoni", lakini kupiga simu hupigi, basi acha niyaanike.

Kwanza hongera ya mtoto. Nimeona picha kwa watu. Kama na kilio kakirithi kwako basi mtaa mzima umekoma, maana hakuna aliyejua kulia kama wewe. Kule Kisarawe, kwenye mchezo, baba yako alivyokufukuza na ile mimba yako ya kanga, si yule bibi akatoka alikokaa akaingia katikati ya duara, akakushika mkono, akasema huyu nakwenda naye kwangu. Na wewe ukaenda! Mjadala na watazamaji tukaufanya bila binti. Mzee wetu wa kikundi, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini, akasema leo kazi imefika. Ndo siku ile kwenye gari alitupigia tena habari za Malya, kule Mwanza, 1982, akina Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu walivyokaa na vijana wa pale wakawasikiliza kwanza, mchezo ukatoka kwa wenyewe, tena mambo hayo hayo ya mabinti kupata mimba. Mchezo unaoshushwa kwenye gari la mfadhili ni tangazo, alikuwa anasema, na wewe ulikuwa umelala begani kwangu.

Enzi za miradi ya Ukimwi posho ilikuwepo, watu wakadhani tunapendana kwa sababu ya posho. Wafadhili wameshaondoka na bado tunakutana pale pale darasani watoto wakishatoka shule, nauli tunachangiana. Yule aliyecheza baba yako mpaka leo akipita sokoni akina mama wanamsonya, na ndiye aliyekaa na wewe hospitali siku zile za taifodi. Sasa huyo ni nani yako?

Ile sendoff. Mchango tulitoa kama wengine, kadi ikaja imeandikwa "kikundi cha ngoma", sikusema kitu. Tumefika tukaelekezwa nyuma kule kwa wapishi na vijana wa mziki, sikusema. MC akaanza utambulisho, baba wakubwa, mama wadogo, mashangazi, majirani, hadi bosi wako wa kazini, na mimi huku nimeshajifunga kanga vizuri nasubiri kuinuka, akasema haya sasa burudani, karibuni wasanii wetu. Tukaingia na mdundiko. Nimecheza mwanangu, nimecheza na magoti haya haya unayoyajua. Ukaja kututunza, ukanibandika elfu tano kwenye paji la uso ukapita kwenda kwa mpiga ngoma, usoni hukuniangalia.

Wanasema nilikutupia hela yako. Sikuitupa, niliiweka mezani kwa MC, taratibu, nikaaga na mpishi mmoja nikaondoka. Mama yako mzazi namheshimu na sijawahi kushindana naye, nilitaka kutajwa tu, hata baada ya majirani.

Mzee alipofariki ulituma rambirambi kwa simu, tena nyingi, mchele wote umenunuliwa na hela yako, asante. Lakini jeneza lilibebwa na sisi, wanawe wa kuzaa wanatuangalia hawa kina nani.

Nikushauri kama mtu mzima, watu wako usiwapange, hawa wa kuonyesha wageni, hawa wa jikoni. Na kuhusu yule msichana, nafasi yako sikumpa kwa hasira kama unavyowaambia watu. Wewe uko fungate, onyesho ni Jumamosi, binti anatakiwa, ulitaka nicheze mimi na mvi hizi? Tena anajitahidi. Kulia hajui, anafunika uso tu na mikono, lakini anawahi mazoezi, jambo ambalo kuna watu halikuwahi kuwapata.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda Mkuranga, gari linatoka Rangi Tatu saa moja asubuhi. Binti ana mtu, ila shangazi hana, yule tuliyekuwa naye kahamia Morogoro. Maneno ya shangazi ni mengi, utayaweza. Mtoto njoo naye, wa kumbeba wapo. Na sufuria langu la pilau lije, lina mfuniko wake wa bati, usiniletee mwingine.