Jirani zangu wanataka msako wa polisi kwenye hosteli za Kikoni. Nifanyeje?

Mhariri na wasomaji wenzangu,

Nawaandikia kutoka Kikoni, chini ya mlima wa Makerere hapa Kampala. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameitisha mkutano wa zoni kuhusu kelele na fujo za hosteli za wanafunzi. Naomba ushauri wenu kabla siku haijafika, kwa maana uamuzi unaoandaliwa unanitia hofu kuliko hata kelele zenyewe.

Nianze na kelele, msije mkadhani nazitetea. Nyuma ya uzio wangu kuna hosteli ya ghorofa. Chini yake pamefunguliwa baa, na spika kubwa zimewekwa nje kuelekea barabarani. Muhula unapofunguliwa mwezi wa Agosti, na tena mitihani inapomalizika, muziki hauzimwi mpaka alfajiri. Maneno ya wimbo huwa siyasikii. Kinachonifikia ni besi, kwa sababu sauti nzito hupenya tofali na dirisha lililofungwa, na mabati ya nyumba yangu hutetemeka nayo. Mume wangu alipata kiharusi. Daktari alisisitiza mambo mawili: dawa za presha na usingizi. Dawa naweza kumnunulia.

Baa ikifungwa, fujo hushuka barabarani. Chupa hupasuliwa ukutani, wavulana hukojoa kwenye geti langu, boda boda hugombania abiria huku wakingurumisha pikipiki. Wezi wa simu, ambao wengi wao si wanafunzi hata kidogo, wamekwisha jua kwamba saa tisa usiku hapa hakosekani mtoto mlevi mwenye simu mkononi. Na msichana akipita peke yake hushikwa mkono, akikataa hutukanwa. Hilo la wasichana linaniuma kuliko yote. Mpangaji wangu mmoja anasomea uuguzi. Hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kujifunza kazi wodini, hospitali ya Mulago, nami humsindikiza hadi barabara kuu, halafu nikarudi kumgeuza mzee kitandani.

Nimesema mpangaji, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Sisi wa Kikoni tunaishi kwa wanafunzi. Zamani wengi wao walilala kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Makerere. Tangu miaka ya 1990, chuo kilipoanza kupokea wanafunzi wengi wa kujilipia, mabweni hayakutosha tena. Serikali hulipia wanafunzi wapatao 4,000 tu kila mwaka katika vyuo vikuu vyake vyote. Waliobaki hujitafutia karo na pa kulala. Ndiyo maana nyumba za familia hapa zilivunjwa moja baada ya nyingine zikapanda ghorofa. Mimi sina ghorofa, nina vyumba vichache nyuma ya nyumba, vile tunavyoviita hapa mizigo. Kodi yake ndiyo iliyosomesha wanangu. Yule kijana wa rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, pale kona, mama wa matoke, mwenye duka la fotokopi, fundi cherehani, wote sahani zao zinatoka kwa watoto hawa. Likizo ikifika, mtaa huu hukauka pesa kabisa. Kwa hiyo mtu anaposema "hawa wanafunzi waondoke", mimi nauliza tutakula nini, na tena nauliza wamekosa nini wale wanaolala saa nne kama mimi.

Maana wapo, tena ni wengi. Wapangaji wangu wenyewe hawapati usingizi kwa kelele. Mmoja anayesomea sheria alipima kelele kwa simu yake usiku wa manane, chumbani, dirisha likiwa limefungwa, akapata desibeli zaidi ya sitini. Najua simu si kipimo cha mahakamani. Lakini alinionyesha kanuni za kelele zilizotungwa mwaka 2003: kwa nyumba za kuishi ziliweka desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe ulihesabiwa toka saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Panapochanganyika makazi na biashara na burudani ziliweka 55 mchana, 45 usiku. Watu wawili wakizungumza kawaida mezani hufikia kama 60. Hata tukikubali kwamba Kikoni ni mtaa mchanganyiko, muziki unaosikika chumbani kwangu kama mtu aliyesimama kando ya kitanda akiongea umekwisha kuvuka mpaka.

Si kwamba nimekaa kimya. Nilikwenda kwa meneja wa baa, kijana mwenye adabu, akaniita mama, akapunguza muziki. Siku chache ukarudi palepale. Nilipokwenda tena alinijibu, "Mama, mbona hamwendi kanisani kule juu? Wanakesha na spika kubwa kuliko zangu." Jibu hilo lilinikera, lakini nimelifikiria sana na naona ana haki. Mimi mwenyewe ni mtu wa kusali, na mkesha wa Ijumaa kwa vipaza sauti humnyima mgonjwa usingizi sawasawa na baa. Sheria haikuandika kwamba kelele ya sala haina desibeli. Kama tutasema juu ya baa, inabidi tuseme na mchungaji pia. Kwenye vikao vyetu vya maandalizi hakuna anayetaka kuligusa hilo.

Nilimtafuta mwenye hosteli. Haishi hapa, anaishi upande mwingine wa mji, na kastodian wake, yaani msimamizi wa hosteli, aliniambia baa ni ya mpangaji mwingine, hosteli haihusiki. Ofisi moja niliyoelekezwa ilinijibu kwamba hosteli za nje ni mali ya watu binafsi. Kituo cha polisi cha jirani kiliniandikia lalamiko, na kweli askari wa doria walikuja. Muziki ulishuka wakiwa wamesimama pale, ukapanda gari lao lilipokata kona. Askari waliniambia kwamba kelele ni kazi ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwamba hao ndio wenye vipimo na mamlaka ya kutoa amri. Sijawaandikia bado. Majirani wanasema barua zitachukua muda mrefu na wao wamechoka.

Ndiyo sababu ya huu mpango wao. Wanataka mkutano upitishe azimio la kuomba operesheni: polisi waje na malori usiku wa wikiendi, wazingire mtaa, wabebe kila kijana atakayekutwa nje, "wakalale selo wajifunze". Kuna wanaosema tuchange pesa za mafuta ili jambo liende haraka. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Mmoja binti yake alivunjwa kidole akinyang'anywa simu. Na sote tunakumbuka Julai 2022, mwanafunzi alipochomwa kisu akafa hapa hapa Kikoni wakati wa kampeni za guild, yaani serikali ya wanafunzi, uchaguzi wao ukasimamishwa. Mtu aliyeona hayo ana sababu ya kuogopa kundi la vijana linaloimba gizani.

Lakini mimi nilikulia kambi ya polisi Nsambya. Baba alikuwa dereva, na Kiswahili hiki ninachowaandikia ndicho tulichozungumza pale, watoto wa makabila yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mtoto wa kuelewa mambo wakati wa panda gari. Wanajeshi walizingira mtaa alfajiri, wanaume na vijana wakatolewa majumbani, wakapangwa mistari, wakapakiwa kwenye malori. Wengine walirudi. Wengine mama zao walizeeka wakiuliza. Najua polisi wa leo si wale wanajeshi na nyakati si zile, wala sisemi vinginevyo. Ila najua pia lori haliulizi nani alipiga kelele na nani alikuwa anatoka maktaba. Mwenye pesa atatoka usiku uleule. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutolewa kituoni, kisheria ni bure, lakini nani asiyejua jinsi wazazi wanavyohangaika asubuhi wakiuza hata mbuzi ili mtoto asikose mtihani? Na mwenye baa atakuwa nyumbani kwake amelala, spika zake salama.

Yule mpangaji wangu wa sheria aliniambia jambo jingine: mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa sababu tu ameonekana kama mzururaji. Kama ni hivyo, tunaomba polisi wawakamate watoto hawa kwa kosa gani? La kuwa nje?

Na kuna hili ambalo limenifanya nikate shauri la kuandika. Sheria ya serikali za mitaa inasema baraza la kijiji, yaani LC1, ni wakazi wote wenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi. Mwanafunzi anayeishi Kikoni miaka mitatu au minne ni mkazi. Tunakwenda kukaa mkutano wa baraza, tuamue juu ya watu walio wengi kuliko sisi mtaani, na hakuna hata mmoja aliyeitwa. Tangazo limebandikwa kwa Luganda kwenye duka la mwenyekiti. Hosteli hazijapelekewa neno. Watoto wengi hapo ni wa kutoka Arua, Gulu, Kasese, wengine Kenya, Kongo na Sudan Kusini; hata wangeliona, wangedhani ni mambo ya wenyeji. Nilimwambia mwenyekiti, kwa heshima, kwamba nadhani waalikwe. Alinijibu, "Mama, ukiwaita hao, mkutano utageuka kampeni ya guild." Huenda ni kweli. Mimi bado naamini kwamba mtu anayekuchukulia kama adui wa kubebwa na lori hawezi kukuheshimu ukimwomba ashushe sauti, na kwamba wale wapangaji wangu wasiolala wangesimama wakasema maneno ambayo vijana wenzao wangeyasikia kuliko yangu.

Ninachotaka mimi si kigumu kukieleza. Spika ziingie ndani na kutazama upande wa pili. Saa nne muziki wa nje uzimwe, baa na kanisa pia. Mwenye hosteli aweke taa kwenye uchochoro ule wa nyuma na mlinzi getini, kwa sababu anakusanya kodi ya kila muhula kutoka kwa watoto hawa na hawezi kusema barabara yao haimhusu. Boda boda wapewe pa kusimama mbali na nyumba. Anayeshika wasichana akamatwe yeye, kwa jina lake na kosa lake, na hapo nitakuwa shahidi wa kwanza.

Sasa maswali yangu, wasomaji. Wenye uzoefu wa Wandegeya, Banda, Kansanga na mitaa mingine ya wanafunzi, nisaidieni.

Je, lalamiko la kelele linapelekwa kwanza KCCA au NEMA, na ni bora niandike peke yangu au tukusanye saini za majirani? Kuna yeyote ambaye alipata wapimaji wakaja usiku, saa ambayo kelele ipo, si saa tano asubuhi kukiwa kimya? Nikiwapelekea daftari la tarehe na saa, pamoja na video za simu, vinasaidia?

Pili, kuhusu mkutano. Nina haki ya kwenda mwenyewe hosteli kwa hosteli kuwaambia wanafunzi wafike, au nitakuwa nimemvunjia mwenyekiti heshima? Sitaki ugomvi naye. Ni mzee wetu, alitusaidia sana mume wangu alipougua, na kesho nitamhitaji kwa barua ya utambulisho au jambo jingine. Nimefikiria kumwomba akubali wajumbe wachache tu, mmoja kila hosteli, wakiwemo wasichana. Labda mna njia nzuri zaidi ya kumwambia.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima raha. Azimio la msako likipitishwa nami nikiwa nimekaa pale, niseme nini? Nikilipinga, jirani aliyevunjiwa binti yake kidole ataniona msaliti anayelinda kodi zake. Nikinyamaza, nitakuwa nimewatoa wapangaji wangu, pamoja na yule anayeamka saa kumi na moja kwenda kuhudumia wagonjwa wetu Mulago. Akikutwa njiani lori likipita, nani atamweleza askari kwamba alikuwa anakwenda wodini?

Mkutano ni Jumapili baada ya ibada. Mwenye neno la kunisaidia aliandike mapema, hata kama ni la kunipinga.

Wenu,
Mama wa vyumba vya nyuma, Kikoni, Kampala